MAZUNGUMZO YA SOKONI: Tikiti ya Mchezo wa Mwisho

Katika soko la Ngoliba, upande wa mashariki wa mji wa Thika, jua la alasiri huwa kali hata mwezi wa Mei, na watu wakiisha kuuza na kununua hupenda kupumzika kivulini kabla ya kushika njia ya nyumbani. Jumapili moja ya mwezi huo waliketi watu watatu mbele ya kibanda cha fundi wa baiskeli na pikipiki. Wa kwanza alikuwa mzee, mkulima wa nyanya na maembe. Wa pili alikuwa karani wa chama cha ushirika aliyekwisha kustaafu. Wa tatu alikuwa kijana mwenye kibanda, ambaye alirithi spana na kazi kutoka kwa marehemu baba yake.

Kijana alikuwa na simu karibu yake, naye kila mara aliitupia jicho hata alipokuwa akitia kiraka. Kisa chake kilikuwa hiki. Timu aipendayo ilikuwa karibu na mkia wa ligi, na Jumamosi iliyokuwa ikija ilikuwa icheze ugenini mchezo wake wa mwisho. Ikishinda, ingebaki, isiposhinda, ingeshuka daraja. Tikiti zilikuwa chache, na mtu asiyemjua alikuwa amemwandikia kwamba anazo mbili, ila sharti apelekewe pesa kwa simu kabla jua halijatua, tena kwa bei mara tatu ya ile iliyotangazwa. Pesa kijana alikuwa nazo. Lakini zilikuwa pesa za mama yake, aliyempa ili kesho yake aende Thika kununua mbolea ya kukuzia mahindi.

"Mbolea yaweza kungoja wiki moja," akasema kijana. "Mchezo hauwezi kungoja."

Karani akacheka kidogo. "Mahindi ya mama yako yamekwisha kufika magotini, bwana mdogo. Hayo hayasomi ratiba ya ligi."

Mzee hakucheka. Aliitazama njia iendayo Thika kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, usipeleke pesa hizo mpaka usikie jambo moja. Mimi na Bwana Karani na marehemu baba yako tuliwahi kutafuta tikiti za mchezo kama huo. Sehemu moja ya habari hiyo hujaisikia, kwa maana sijaisema kwa mtu yeyote."

Timu waliyoishabikia watatu hao haitajwi tena kwa jina barazani hapo. Huitwa "ile timu" tu, kama watu wamtajavyo jamaa aliyehama kijiji akiwa na deni. Nayo ilikuwa imefika mchezo wa mwisho wa mwaka ikiwa na haja ya kushinda ugenini, katika mji wa mbali, kwenye uwanja mdogo. Watu wengi hudhani kwamba kushuka daraja ni aibu tu, lakini ni zaidi ya aibu. Wafadhili hupunguza fedha zao au huondoka kabisa, wachezaji hodari huchukuliwa na timu nyingine, mapato ya langoni hupungua, na njia ya kurudi juu yaweza kuwa ndefu. AFC Leopards, pamoja na ukubwa wake na sifa zake zote, ilikaa nje ya ligi kuu hata iliporudi mwaka 2009. Na Shabana ya Kisii ilikaa nje miaka mingi zaidi, ikarudi mwaka 2023. Kwa hiyo watu wa Ngoliba waliokusanyika kibandani siku zile hawakuwa wakihangaika bure.

Ilitangazwa kwamba tikiti zitauzwa mapema, wala hazitauzwa langoni siku ya mchezo, na kwamba kila mtu asipewe zaidi ya mbili. Basi marafiki hao watatu wakapatana. Karani, ambaye alikuwa na siku za likizo zilizobaki, angekwenda Nairobi Ijumaa ya wiki iliyotangulia asimame katika foleni. Mkulima angekwenda naye, ili wapate nne, na moja wamgawie jirani. Fundi, ambaye hakuweza kufunga kibanda chake siku ya kazi, angetoa nauli ya wote wawili.

Ijumaa ilipofika, karani aliondoka na matatu ya kwanza, kabla hakujapambazuka. Mkulima hakutokea. Usiku ule maji ya mfereji yalikuwa zamu yake, na mtu asiyenywesha nyanya zake katika zamu yake hupoteza zamu, na pengine nyanya pia. Karani alisimama peke yake tangu saa kumi na mbili na nusu mpaka karibu saa saba. Mbele yake walisimama wenye kofia, wenye vuvuzela, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na mzee mmoja aliyekuja na kigoda chake mwenyewe, akawa anakisogeza hatua kwa hatua kama mtu ahamaye nyumba. Karani alipofika dirishani, alipewa mbili kama ilivyotangazwa, na watu wanane nyuma yake dirisha likafungwa.

Wakawa watu watatu, na tikiti mbili.

Usiku huo mkulima hakulala vizuri. Alijua kwamba upungufu ule ulikuwa wake. Jumatatu asubuhi alimfungua mbuzi aliyewekwa kwa ajili ya karo ya binti yake, akamwuza, akaenda Thika. Huko, karibu na kituo cha matatu, alimkuta mlanguzi aliyekuwa akiuza tikiti kwa bei mara mbili. Akanunua moja, akairudisha Ngoliba ikiwa imefungwa ndani ya leso, akawaambia wenzake kwamba ameipata kwa mtu aliyeahirisha safari. Fundi akafurahi mno, akawaletea wote chai.

Jumamosi walisafiri usiku. Njiani karani, aliyekuwa msomaji wa magazeti na mwenye kukata na kutunza habari za michezo, aliwatia moyo kwa hadithi za kweli.

Kwanza aliwaeleza habari za Simba ya Dar es Salaam. Mwaka 1988 Simba, mojawapo ya timu mbili kubwa kabisa za Tanzania, ilikuwa imeporomoka hata ikawa katika hatari ya kushuka daraja. Tarehe 23 Julai, siku ya Jumamosi, ikakutana na mahasimu wake wa siku zote, Yanga. Edward Chumila aliifungia Simba bao la kwanza, Issa Athumani akaisawazishia Yanga, na katika kipindi cha pili John Makelele akafunga la pili. Simba ikashinda mabao 2 kwa 1, ikaokoka. Na ubingwa wa mwaka huo ukaenda Tanga, kwa Coastal Union. Wenye kujua mpira wa Tanzania wanaweza kufikiri wenyewe historia ya mpira huo ingekuwaje kama siku ile Simba ingeshuka.

Kisha akawaeleza habari za Uingereza, za tarehe 3 Mei mwaka 1997. Timu ya Brighton ilisafiri kwenda Hereford kwa mchezo wa mwisho wa mwaka, na mojawapo ya timu hizo mbili ilikuwa lazima itoke katika ligi kabisa. Tena Brighton walikwenda huko wakiwa kama watu wasio na kwao, maana uwanja wao wa Goldstone ulikuwa umeuzwa, na juma moja kabla ya hapo walikuwa wamecheza humo mara ya mwisho. Hereford walitangulia kwa bao ambalo Brighton walijifunga wenyewe. Katika kipindi cha pili mchezaji wa akiba, Robbie Reinelt, akasawazisha, na mchezo ukaisha 1 kwa 1. Timu zote mbili zikawa na pointi 47. Kwa tofauti ya mabao Hereford walikuwa bora, lakini kanuni ya ligi ile wakati huo ilitazama kwanza mabao ya kufunga. Brighton walikuwa wamefunga 53, na Hereford 50. Basi Hereford, ambao walikuwa katika ligi tangu mwaka 1972, wakatoka. Mwaka 2014 klabu yao ikavunjwa kwa amri ya mahakama kwa sababu ya madeni. Brighton nao, mwaka 2017, wakapanda hata ligi kuu ya Uingereza.

Fundi alisikiliza sana, kisha akasema, "Kumbe bao lililofungwa mwanzo wa mwaka, siku ya mvua, timu ikiwa imekwisha kushindwa na watu wameanza kwenda zao, ndilo laweza kumwokoa mtu mwezi wa Mei."

"Ndivyo," akajibu karani. "Hakuna bao dogo."

Walipofika, waliukuta umati umekwisha kujaa nje. Karani alitoa tikiti zote tatu katika bahasha yake, akampa mkulima azigawe, maana yeye mwenyewe alikuwa akilipa deni la chai.

Hapo ndipo mzee aliponyamaza kidogo katika kusimulia kwake, nao wenzake wakamngoja.

"Nilipozishika," akasema, "niliitambua ile yangu. Wino wake ulikuwa haujashika vizuri. Tangu Thika uliniachia alama ya buluu hapa, kwenye kidole gumba. Nilijiambia kwamba ni jasho. Lakini mtu akijidanganya, mkono wake haudanganyiki. Nilimpa Bwana Karani moja nzuri. Nyingine nzuri nikabaki nayo mimi. Ile yenye wino mbichi nikampa baba yako."

Karani akageuka akamtazama. Miaka yote hiyo walikuwa wameketi pamoja, naye hakulijua neno hilo.

Langoni walipita mmoja mmoja. Karani alipita, na mkulima akapita. Fundi alipofika, bawabu aliisoma namba ya tikiti yake, akatikisa kichwa, akamwambia kwamba namba hiyo hiyo imekwisha kuingia mara mbili. Akamrudishia karatasi yake, akamwonyesha njia ya kutokea. Mkulima alikuwa ndani tayari, amesukumwa mbele na watu, wala hapakuwa na namna ya kurudi. Aliona kofia ya rafiki yake ikienda nyuma, nyuma, mpaka ikapotea.

Nje walikuwako wengi wenye karatasi kama ile. Walikuwa wamelipa, walikuwa wametoka mbali, na hasira yao ilikuwa na haki yake. Mchezo ulipoanza na sauti ikapanda ndani, wakaanza kulisukuma lango. Fundi alikumbuka habari ambayo kila mpenda mpira wa Kenya aikumbuka. Tarehe 23 Oktoba mwaka 2010, katika uwanja wa Nyayo mjini Nairobi, Gor Mahia na AFC Leopards walipokuwa wakikutana, watu walisongamana na kukanyagana, na watu 7 wakafa. Watu hao saba walitoka nyumbani kwao kutazama mpira tu. Basi fundi alipoona mtoto wa miaka sita hivi ameangushwa kati ya miguu ya watu, alimwinua, akamweka begani, akapita naye pembeni mpaka chini ya mti, akamshika mkono mpaka mama yake alipompata. Baada ya hayo polisi walifika, lango halikuvunjika, na kwa neema ya Mungu hakufa mtu.

Fundi aliketi chini ya mti ule mpaka mwisho, akiusikiliza mchezo bila kuuona. Katika kipindi cha kwanza alisikia kelele kubwa, akashangilia. Kumbe ni wenyeji waliofunga. Sauti ya uwanja haina rangi ya jezi. Baadaye akasikia kelele ndogo ya watu wachache, kutoka upande mmoja, na hiyo ndiyo iliyokuwa yao. Ikawa 1 kwa 1. Kisha hakusikia kitu tena, ila filimbi.

Mkulima alipotoka alimkuta amesimama.

"Tumebaki?" fundi akauliza.

"Tumeshuka."

Fundi akanyosha mkono, akamshika rafiki yake kwa mkono wa kuume kama desturi ya kupeana pole. Halafu akaitazama mikono yote miwili, wake na wa mwenzake. Kwenye kidole gumba cha kila mmoja palikuwa na alama ya buluu.

Hakusema neno. Walipokuwa garini, karani akiwa amelala, mkulima alianza kumweleza habari ya mbuzi, na bei, na mlanguzi, lakini hakufika kwenye habari ya wino. Fundi akamkata maneno. "Mbuzi amekwenda," akasema, "na timu imekwenda. Tusiupeleke na urafiki."

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mke wa mkulima alimpikia, akamngoja ale, kisha akamwuliza kwa upole, "Baba watoto, timu yenu imeshuka daraja kwa kuwa haikushinda mchezo. Huyu mtoto wetu atashuka kwa mchezo gani alioucheza yeye?" Binti alikaa nyumbani wiki tatu, mpaka nyanya zilipoiva na karo ikapatikana. Mzee akakiri kwamba wiki tatu hizo zilikuwa ndefu kwake kuliko mwaka mzima ambao "ile timu" ilicheza daraja la chini.

Mzee alipokwisha kusimulia, alitia mkono ndani ya koti, akatoa pochi kuukuu, na ndani yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa ile tikiti. Fundi alimwachia siku ile garini bila maneno, naye alikuwa ameitunza. Rangi yake ilikuwa imefifia, lakini namba ilisomeka bado.

"Nilikusudia kumwambia baba yako," akasema mzee. "Kila msimu nilisema, mwaka huu nitamwambia. Kisha yeye akatangulia. Kwa hiyo nakuambia wewe, kwa kuwa deni la baba hurithiwa na mwana, na deni la kudaiwa neno la kweli nalo ni deni."

Kijana aliishika karatasi kwa vidole viwili. Kwa muda mrefu hapakusikika kitu ila kuku waliokuwa wakiokota punje sokoni.

"Baba alijua?" akauliza.

"Alijua tangu aliponishika mkono."

"Kwetu hakusema hivyo. Sisi alituambia kwamba siku ile hakuingia kwa sababu alimwokota mtoto. Kila mara alisema, angalau siku ile hakukosa kazi ya kufanya."

Mzee akainamisha kichwa. Karani, ambaye si mtu wa kukaa kimya kwa muda mrefu, aliona kwamba sasa ni zamu yake, akasema mambo machache ya manufaa. Alisema kwamba tikiti hununuliwa mahali palipotangazwa na wenye mchezo, si kwa mtu asiyejulikana, hata kama maneno yake ni matamu. Alisema kwamba muuzaji anayekuharakisha ulipe kabla ya jua kutua hataki upate nafasi ya kuuliza. Alisema kwamba karatasi yaweza kunakiliwa mara mia, lakini nafasi uwanjani ni moja, na atakayefika wa pili ndiye mwenye hasara. Mwisho alisema kwamba mtu aliyedanganywa asilisukume lango, kwa kuwa aliyemdanganya hayupo pale langoni. Pale langoni wapo watoto wa watu.

Simu ya kijana ikalia. Yule mtu alikuwa ameandika tena: tikiti zimebaki mbili, na wengine wanazitaka. Kijana akausoma ujumbe huo kwa sauti, wote watatu wausikie. Halafu akaiweka simu mfukoni, akachukua kiraka chake, akaendelea na kazi.

"Na hii, Mzee?" akauliza baadaye, akiirudisha ile karatasi.

"Kaa nayo. Ilikuwa ya baba yako."

Kijana akaifungua sanduku ya spana, akaiweka chini kabisa, mahali ambapo mafuta hayafiki.

Jumatatu alionekana akirudi kutoka Thika, mfuko wa mbolea umefungwa nyuma ya pikipiki. Jumamosi watu watatu waliketi tena mbele ya kibanda, redio ikiwa juu ya kigoda katikati yao, na mama yake kijana akawaletea mahindi ya kuchoma aliyoyanunua sokoni, akisema kwamba yake mwenyewe bado. Refa alipopuliza filimbi ya kuanza, huko mbali ambako hakuna hata mmoja wao aliyekwenda, shamba la mama huyo lilikuwa limekwisha kutiwa mbolea siku nne, na usiku wake mvua ilikuwa imenyesha.